Kofia ya Kuogea ya Kiilu

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu. Leo tunamkumbuka Kiilu Mutiso wa Ngara, aliyekuwa akiandika wasifu wa marehemu. Hakutoa kitabu hata kimoja. Lakini kama umezika mtu hapa jijini, huenda umesoma maneno yake kwenye programu ya mazishi.

Kazi hiyo ina kawaida yake, mnaijua. Alizaliwa, akasoma, akaoa, alikuwa mcha Mungu na mchapakazi. Kiilu hakuridhika na hayo. Mteja akiketi tu, alimuuliza, "Alikuwa na kituko gani?" Ndivyo tulivyopata habari ya mama mmoja aliyeweka kikombe cha chai juu ya redio kila taarifa ya habari ilipoanza, kwa kuwa msomaji anaongea sana na lazima koo limkauke. Kiilu aliiandika vivyo hivyo. Waombolezaji walicheka, kisha wakalia vizuri.

Na yeye mwenyewe? Wapendwa, Kiilu aliandika akiwa amevaa kofia ya kuogea. Ya plastiki, yenye maua, ya mkewe Stellah. Alisema inazuia maneno yasitoroke. Wateja walishtuka, halafu wakazoea. Stellah, aliyepiga chapa kwenye meza ya pili ya ofisi yao, hakuzoea. Kila asubuhi aliitafuta kofia yake bafuni na kila asubuhi haikuwepo.

Mwezi uliopita moyo wa Kiilu ulisimama akiwa kazini. Stellah hakulia. Alichagua jeneza, akachagua suti, akapokea pole simu baada ya simu, na hakuhisi kitu. Kofia sasa ilikuwa bafuni kila asubuhi. Akaketi kuandika wasifu wa mumewe, yakaja maneno yale yale. Alizaliwa, akasoma, akaoa.

Binamu ya marehemu, Kitavi, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, alisoma akaridhika. "Iko sawa hivyo, Stellah. Hiyo maneno ya kofia tuwachane nayo. Pastor atatuona aje?"

"Sawa," Stellah akasema. Hakuwa na nguvu za kubishana.

Siku ya ibada, katika kanisa moja karibu na Adams Arcade, alisimama akasoma kama mtu anayesoma bei za sokoni. Alipofika kwenye "mchapakazi" akaacha kusoma. Mtu aliyekuwa kwenye karatasi ile, Stellah hakumjua. Angeweza kuwa mume wa yeyote. Akaikunja karatasi.

"Kiilu alikuwa anaandika amevaa kofia yangu ya kuoga," akasema. "Iko na maua. Hapo nyuma imeraruka, sababu kichwa yake ilikuwa kubwa."

Kitavi akatazama viatu vyake. Kisha mabega ya Mama Kavutha, mamake marehemu, yakaanza kutikisika pale mbele. Alikuwa akicheka. "Akiwa mtoto ilikuwa sufuria," akasema, "na sisi tunaitafuta tupike." Kicheko kikafika hadi kwa waliosimama mlangoni. Pastor mwenyewe akafuta macho.

Mama Kavutha alikiambia kipindi hiki, "Hapo ndio nilijua ni mtoto wangu tunazika."

Stellah alingoja chozi lake. Halikuja.

Wiki iliyofuata alifungua ofisi. Akaingia mteja kutoka Westlands, Waweru, aliyefiwa na baba. "Andika tu alikuwa mtu mzuri," akasema, "hiyo inatosha."

Stellah akafungua mkoba, akatoa kofia yenye maua, iliyoraruka nyuma, akaivaa. Waweru akakodoa macho.

"Alikuwa na kituko gani?" Stellah akauliza.

Wasikilizaji wapendwa, tunamkumbuka Kiilu Mutiso, mwandishi wa Ngara. Kwa Stellah, kwa Mama Kavutha na kwa jamaa wote, poleni sana. Tunaumia pamoja nanyi. Na wewe unayetusikiliza, kile kituko cha mtu wako kinachokuudhi leo, kitazame vizuri angali yupo. Usiache kije kifutwe na kamati.

Stellah anasema bado hajalia. Ila asubuhi hizi, kofia haipo bafuni tena.