Firigisi ya Mama Maurice: Wasifu wa Marehemu Rachael Nalianya Kimanzi

Marehemu Rachael alizaliwa tarehe 14 Machi 1981, Kianda, Kibera, akiwa mtoto wa pili wa hayati Mzee Wekulo, fundi seremala, na Mama Bridgit. Alisomea shule ya msingi papo hapo Kianda na sekondari Bungoma, kisha akapata stashahada ya usimamizi wa wafanyakazi mwaka 2003. Utotoni ndiye aliyegawa zamu za kuchota maji kwa watoto wa ploti nzima, na hakuna aliyethubutu kuruka yake.

Mwaka 2006 alifunga ndoa na Bwana Kimanzi. Walikaa Kawangware, nyuma ya kituo cha matatu cha 56, wakajaliwa Kathini na Wanzala.

Kampuni moja ya teknolojia ilimwajiri mwaka 2015 kuwa meneja wa rasilimali watu. Aliwafungulia mlango vijana wengi wa Kawangware, akiwemo Maurice, mtoto wa jirani yake. Jumapili moja ya Februari 2023, Mama Maurice alimchinjia kuku wa shukrani. Kwetu firigisi ni ya mzee wa boma. Mama huyo, ambaye ni mjane, alimwekea Rachael.

"Kula, Nalianya. Leo wewe ndiye mzee hapa."

Maurice akatania kwamba Madam HR amechukua cheo cha baba yake, na nyumba nzima ikacheka. Rachael alikuwa anajua tangu Ijumaa kwamba Maurice na wenzake wangeachishwa kazi Jumatatu. Kampuni ilikuwa imemkataza kusema. Alitafuna, akameza, akaomba maji.

Siku iliyofuata alimwita ofisini. Maurice aliuliza jambo moja tu: "Jana ulikuwa unajua?"

Alimjibu jinsi kazi ilivyomfunza: "Siwezi kulizungumzia hilo."

Mwaka huohuo alihamishia familia Riruta. Alisema ni kwa ajili ya shida ya maji. Hayakuwa maji.

Juni 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya matiti. Aliugua kwa uvumilivu. Mama Maurice alipomletea uji wodini, Rachael aligeukia ukuta.

"Kazi huisha, si hiyo iliniuma," mama huyo alimwambia. "Ungenirudishia tu sahani ya firigisi siku ile, ningeelewa."

Rachael akauliza kama mvua imeanza kunyesha Kawangware. Mgeni aliondoka. Jioni hiyo Rachael alimshika dada yake mkono, akamwagiza jambo la kusemwa siku ya kumzika, mbele ya watu, kwa sababu firigisi aliila mbele ya watu. Alituacha tarehe 9 Septemba 2025.

Ameacha mume, watoto wawili, mama mzazi na dada yake, Caren.

Mama Maurice, tunakuona hapo nyuma. Rachael anasema alikuwa anajua, na kwamba aliona haya kukuomba msamaha akiwa hai. Hatudai jibu.

Mwenyezi Mungu ampe pumziko jema.