Sentensi ya Jumatano Haifutwi

Mheshimiwa Spika, Waheshimiwa Wabunge, Ndugu Katibu wa Bunge, wafanyakazi wenzangu wa chumba cha Hansadi, mnaopokezana zamu kuandika kila kinachotamkwa ukumbini, wageni waalikwa, na wewe mume wangu, uliyevaa ile tai niliyokukataza: nawasalimu nyote kwa heshima katika hafla hii ya kuniaga.

Nimekaa chumba kile miaka thelathini na mmoja, ishirini ya mwisho nikiwa mhariri mkuu. Waheshimiwa mmeniita Bi Nukta, eti kwa sababu mtu akisema dakika kumi bila kupumua, mimi namtilia nukta, atake asitake. Sawa, jina nimelipokea. Nimewasikia mkirushiana maneno asubuhi na kula meza moja mchana. Nimesikia hata mkoromo wa mmoja wenu kwenye kipaza sauti, ila huo hatukuuandika. Mnacheka, lakini mwenyewe yupo humu na anajijua.

Leo sikuja kuchekesha tu. Nina jambo, na nitalisema.

Wageni wetu huenda hamjui utaratibu. Mbunge akishaongea tunachapa maneno yake, na kesho yake asubuhi tunampelekea nakala aipitie. Anayo ruhusa ya kusahihisha pale ulimi ulipoteleza: labda amekosea mwaka, au jina la mto. Maana ya alichosema haruhusiwi kuigusa. Kwa nini? Kwa sababu Bungeni ndipo serikali inaposimamishwa ikaulizwa, nayo ikajibu mbele ya watu. Ikiwa jibu hilo litabadilishwa chini kwa chini kesho yake, kuuliza kuna faida gani? Tutakuwa tunawapotezea watu muda wao.

Nalijua hili kwa sababu nimewahi kukosea. Mwaka wangu wa tatu kazini, naibu waziri mmoja, ambaye sasa ni marehemu, alisema ukumbini kwamba zahanati fulani ya mpakani haitafungwa. Kesho yake akaja mezani kwangu, mpole kweli kweli. "Dada yangu, hapo nilainishie kidogo. Andika 'tunatarajia haitafungwa.' Neno moja tu, dada, litakuua?" Nami nilikuwa bado mchanga kazini, nikaona haya kumkatalia mkubwa. Nikaliandika.

Miezi mitano baadaye zahanati ikafungwa. Akaja mkunga wa pale, amesafiri siku mbili, akaomba aonyeshwe kitabu cha Hansadi cha siku ile. Ukurasa nilimfungulia mimi mwenyewe. Akasoma akifuatisha kwa kidole, akarudia, kisha akaniangalia. "Mwanangu, siku ile nilikaa kule juu, kwenye viti vya wageni. Nilimsikia kwa masikio yangu haya. Sasa mimi ndiye mwongo?"

Mngekuwa nyinyi mngemjibu nini? Mimi nilimwambia, "Mama, ndivyo ilivyoandikwa." Jamani, nilidanganya, tena nilimdanganya mtu mzima aliyeniita mwanangu. Kanda za sauti enzi hizo tulikuwa tukizitumia tena na tena, kwa hiyo ya siku ile ilikuwa imeshafutika. Mama wa watu akafunga kitabu taratibu, akanishukuru, akaenda zake. Nilijifungia chooni nikalia, halafu nikanawa uso, nikarudi kuchapa.

Sasa sikilizeni. Jumatano iliyopita Waziri wa Ardhi, ambaye yupo mstari wa mbele pale na ninamheshimu, aliulizwa kuhusu familia mia mbili zinazoishi jirani na machimbo ya mawe. Akajibu: "Hakuna familia itakayohamishwa kabla ya kupewa kiwanja kingine." Mkapiga meza, upande huu na upande ule. Alhamisi nakala ikarudi, sentensi ile imekatwa kwa wino na juu yake imeandikwa: "Serikali itajitahidi kutoa viwanja." Nikaikataa. Ikaja tena, safari hii na barua. Nikaikataa. Juzi msaidizi wake akanipigia simu: "Mama, umebakiza siku mbili ustaafu. Ya nini kujitafutia balaa? Ondoka kwa amani."

Nitaondoka kwa amani, baba, wala usihangaike. Lakini matingatinga yameshaegeshwa kando ya barabara ya machimboni, nayo siku yakiwashwa, wale watu hawatakuwa na wakili wala mkubwa wa kumpigia simu. Watakuwa na ukurasa mmoja wa Hansadi, basi. Leo asubuhi ukurasa huo umekwenda mitamboni, maneno yakiwa kama yalivyosemwa, chini yake ikiwa saini yangu, saini ya mwisho kuitia katika kazi hii. Asilaumiwe anayepokea kiti changu, wala wachapaji. Nilaumuni mimi, na nyumbani kwangu mnapajua.

Mheshimiwa Waziri, ndugu yangu, mlango sijakufungia. Mtu ana haki ya kubadili nia, na kanuni zetu zinamruhusu. Bunge linakaa Jumanne, saa tatu asubuhi. Simama pale pale uliposimama, mbele ya Mheshimiwa Spika na mbele ya watu wa machimboni, ambao nimeambiwa watakuja wote. Waangalie usoni, kisha useme kwamba mtawahamisha bila viwanja. Wenzangu wataliandika neno kwa neno, na hakuna atakayekulainishia.

Nawashukuru kwa kunivumilia miaka yote hii, na leo kwa kunisikiliza mpaka mwisho. Asanteni sana.