Mzee Winchi na Stoo Aliyoiachia Maabara

Ijumaa hii, tarehe thelathini Novemba, Mzee Winchi anastaafu baada ya kuitumikia shule yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Jina lake rasmi limeandikwa kwenye cheti atakachokabidhiwa leo. Hapa tutatumia hili ambalo hata mkewe hulitaja anapokuja kumuulizia getini.

Jina hilo alilipata zamani, siku lori lilipoleta kabati la chuma la ofisini. Vijana wanne walishindwa kulipandisha ngazi. Yeye aliwaomba wampishe, akajitwisha mgongoni, akalifikisha ghorofani, kisha akashuka akiuliza kama lipo jingine. Wanaosimulia husema alilibeba peke yake. Mwenyewe anakiri kwamba kulikuwa na mtu nyuma akisukuma, ila hajawahi kumtaja.

Kazi yake ni matengenezo. Ametia bawaba milango, amezibua masinki na ameshusha mipira yetu kutoka kwenye paa, kila mara akiapa kwamba huo ndio wa mwisho. Makao yake yalikuwa stoo ya chini, chumba kipana chenye dirisha kubwa, kilichojaa madawati ya miguu mitatu, mabunda ya waya na redio inayokamata stesheni moja tu. Mwalimu mkuu mwenyewe alikuwa akibisha hodi na kusubiri mlangoni.

Mwaka juzi alijiunga nasi msichana anayetumia kiti cha magurudumu. Kwa jinsi anavyokata kona kwenye korido, tulimpa jina la Dereva kabla wiki haijaisha. Madarasa yetu yako chini, lakini maabara ilikuwa ghorofani. Mzee Winchi alijitolea bila kuombwa. Kila siku ya somo la vitendo aliinama mbele ya ngazi, Dereva akamshika shingo, sisi tukafuata na kiti. Tulipiga makofi wakifika juu. Sote tulidhani jambo limekwisha, na hakuna aliyemuuliza Dereva.

Kisha mgongo ukamshika Mzee Winchi, akalala nyumbani wiki nzima. Dereva alibaki chini ya ngazi akisikiliza vicheko vyetu kutoka maabara. Mwalimu mkuu alimwonea huruma, akampa ushauri kwamba mwaka unaofuata achukue masomo ya sanaa, maana vyumba vyake vyote viko chini. Dereva anataka kuwa mfamasia. Alitangaza hivyo siku ya kwanza alipojitambulisha darasani, na hajabadilisha neno.

Mzee Winchi aliporudi, aliinama kama kawaida. Shingo yake haikushikwa.

"Babu, leo usinibebe."

"Kwani nimewahi kukuangusha?"

"Hujaniangusha. Lakini ukiumwa wewe, na masomo yangu yanaumwa. Na ukistaafu je?"

"Huyu mtoto ana maneno! Mgongo umebeba makabati, utashindwa na unyoya kama wewe?"

"Makabati hayachoki kubebwa, babu. Mimi nimechoka."

Mzee Winchi aliinuka, akaondoka. Alinuna. Siku zile hakupiga mluzi hata mara moja, na misumari aliyogongelea tuliisikia hadi darasani.

Jumatatu aliomba dakika chache kwenye kikao cha wafanyakazi. Alisema maabara ishuke, ichukue stoo yake, naye apande kule juu na makorokoro yake. Kumbe walimu walikuwa wameliwaza hilo kwa muda mrefu. Mabomba ya maji yanapita nyuma ya ukuta ule ule, na dirisha linatosha. Waliogopa tu kumwambia. Mwalimu wa kemia anasema mwalimu mkuu alimshika Mzee Winchi mkono kwa mikono yake miwili.

Likizo nzima alihamisha vitu, safari hii akikubali kusaidiwa. Aliagana na madawati ya miguu mitatu kama mtu anayeagana na jamaa zake. Kwa ajili ya Dereva alitengeneza meza ya pekee, fupi, iliyopigwa randa ikalainika, na chini yake akaweka makabati mazuri ya kuhifadhia vifaa. Siku ya ufunguzi Dereva alisogea, magoti yakagonga makabati, akabaki amekaa upande kama abiria.

"Babu, magoti yangu nimwachie nani?"

Mzee Winchi alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Siku hiyo hiyo aliyang'oa makabati yote, akamwomba Dereva asogee tena, na tena, mpaka alipoenea vizuri.

Tangu hapo amekuwa akiuliza kwanza ndipo achukue msumeno. Amesawazisha kizingiti cha maktaba na kupanua mlango wa choo kimoja. Mwanafunzi mwenye uoni hafifu alipomwambia kwamba haoni kingo za ngazi, alizipaka rangi ya njano. Rangi ilibaki, akapaka na kizingiti cha ofisi ya mwalimu mkuu, na mguu mmoja wa meza ya mhasibu. Hatujui ule mguu ulikuwa na shida gani.

Dereva sasa anasoma sayansi. Muhula huu aliingia maabara peke yake, akavunja neli mbili za kupimia, akagombezwa na mwalimu wa kemia kama mwanafunzi mwingine yeyote. Mzee Winchi alikuwa anapita nje. Alisimama dirishani, mikono nyuma, akasikiliza ugomvi wote huku akitabasamu, kisha akaenda zake akipiga mluzi.

Mzee Winchi, kwa niaba ya wanafunzi wote, asante. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na mgongo usiodai chochote. Msalimie bibi, mwambie sasa wewe ni wake kutwa nzima. Wiki ijayo Dereva ana mtihani wa vitendo wa kemia. Hutahitajika, babu, na kwa hilo tunakushukuru kuliko yote.