Dada Ishwori na Kazi Isiyo na Mwenyewe

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kujenga madaraja ya waya milimani, Dada Ishwori Thakali anastaafu siku ya mwisho ya mwezi wa Asar wa kalenda yetu, mwaka wa hesabu unapofungwa.

Alianza kama mpima ardhi. Wapagazi walimsubiri bwana mkubwa aliyedhaniwa kuwa nyuma yake, hata akawaambia wasichoke bure: mkubwa mwenyewe ndiye yeye.

Alipokuwa msimamizi wa miradi, tulijenga daraja la Simalchaur. Watoto wa huko walivuka mto kwenda shule ndani ya kreti lililovutwa kwa kamba, na mvua zilikaribia. Nguzo ya magharibi ilisimama imara. Mashariki tulikuta shimo tupu, na mbuzi amelala ndani.

"Nilidhani ni kazi ya Harkaman," alisema mhandisi Bidur.

"Mimi nilidhani ni yako," akajibu Harkaman, fundi mwashi.

"Na mbuzi naye kadhani ni zizi," akasema Dada.

Akatuketisha sote juu ya mawe, wali na dengu vikipoa. Kila mmoja ataje kazi yake, na jirani yake airudie. Tulipofika kwenye shimo, mtu akasema ni la sisi sote.

"Huyo Sisi Sote ndiye nani?" akauliza Dada. "Mwiteni aje amwage zege!"

Tukacheka, ila Harkaman hakucheka. "Na wewe Dada, kazi yako ipi? Asubuhi umempangia Bidur vipimo, mchana umeninyang'anya mwiko."

Dada akainama kidogo, kisha akasema: "Umenipata, kaka. Yangu ni kuamua, na kuwajibu wanakijiji mambo yakiharibika. Mwiko ni wako, na shimo ni lako."

Harkaman alimwaga zege kesho yake. Dada alisimama kando, mikono nyuma, vidole vikimwasha. Mto ulipofura, watoto walikuwa wakipita juu yake kwa mbio. Tangu hapo hatuanzi mradi wowote kabla kila kazi haijapata jina la mtu mmoja.

Sasa anakwenda kulima matofaa katika wilaya ya Mustang. Mumewe, Bwana Nagendra, ametuuliza kwa wasiwasi ni kazi zipi atakazogawiwa nyumbani. Tumemwambia hilo si jukumu letu.

Asante, Dada Ishwori. Nenda ukapumzike kwa afya na furaha. Tuliobaki, kila mtu anajua lake.