Kumkanda Mzazi Ng'ambo

Katika basi la jijini Maskati, lililotoka Ghubra kuelekea Ruwi, Sinan, mhadhiri aliyezoea kusoma safarini, alikifunga kitabu chake mapema. Mbele yake Bi Mahfoudha, mwenye miadi ya viza ya Marekani asubuhi hiyo, alikuwa akimjaribia majibu yake jirani wa kiti, Evodia, yaya kutoka Bukoba.

"Ntawambia kweli: nnakwenda kumkanda mwanangu. Anajifungua mwezi ujao. Nani mwengine atamkanda kwa maji ya moto mpaka arobaini ishe?"

"Mama, usithubutu! Watasema unakwenda kulea, na kulea ni kazi. Viza ya matembezi hairuhusu kazi. Sema unakwenda kutembea tu."

"Nkatembee wapi na goti hili?"

Goti hilo, Sinan alikiri kimoyomoyo, lilikuwa ushahidi mzito.

"Na tangu lini mtu akaajiriwa kwa mwanawe?" Bi Mahfoudha alishikilia.

Evodia alicheka, kisha sauti ikamshuka. "Mimi hapa Ghubra nimekanda mzazi wa watu, nikamwogesha na mtoto. Kwenye kibali changu inaitwa kazi. Binti yangu alipojifungua Bukoba, alikandwa na jirani."

Bi Mahfoudha alimshika mkono mpaka basi liliposimama kituo cha ubalozini. Aliteremka taratibu.

"Mama, sasa utasemaje?" Evodia aliuliza, lakini mlango ulikwisha kufungwa.

Kupitia kioo, Sinan alimwona Bi Mahfoudha akichezesha midomo, akijaribu jibu. Mikono yake ilikuwa tayari inakanda hewa.