Maneno Yakikatika, Punguza

Hapa Mpanda reli inaishia, na pale inapoishia ndo lilipo benchi letu. Treni ikifika kwetu haina pa kwenda tena, na sisi vilevile. Benchi lenyewe ni ubao wa mninga ambao seremala aliukataa kwa sababu umepinda, tukaulaza juu ya matofali mbele ya banda la Ladislas, fundi baiskeli kutoka Katumba. Tunamwita Bunge, maana hoja haipiti mpaka aipitishe yeye. Pembeni yake anakaa Regina, Mama Mchele, na magunia yake ya mchele wa Mamba. Kahawa anamimina Yunus, mtu wa Karema, aliyeacha kuvua dagaa akaja kuvua wateja. Mimi ni Jeti. Jina nilijipa mwenyewe baada ya kuona watu wanachelewa kunipa. Shule niliiacha mapema kabla haijaniharibu mbio, na kila mtu pale kijiweni anajua kwamba mji huu hauna wa kunishika nikikimbia, maana nimewaambia wote.

Jioni moja akaja Dionizi, anachechemea, akakaa bila salamu. Huyu tunamwita Honi. Ndiye anayeimbisha klabu yetu ya jogging, Amka Twende. Jumamosi alfajiri watu wanakimbia kwa safu, Honi anatoa wimbo, wao wanaitikia. (Mimi pia ni mwanachama. Fulana ninayo.) Wakati wa mvua pikipiki ilimwangusha kwenye makorongo ya Mwese, mfupa wa muundi ukavunjika. Sasa plasta imetoka, magongo kayatupa darini, na mwezi ujao kuna bonanza, klabu za Kasansa na Mamba zinakuja. Honi asipokuwepo, wimbo atautoa Stanslaus, ambaye sauti yake ni ya mbuzi aliyekanyagwa.

— Mguu umevimba tena, akasema Honi.

— Ulifanya nini, mwanangu? akauliza Mama Mchele.

— Nilichoambiwa. Daktari wa viungo alisema nisirudi kwa pupa. Tembea kidogo, kimbia kidogo, tembea tena. Halafu akanipa kipimo: kimbia mwendo ambao unaweza kuongea. Maneno yakikatika, punguza, hapo ndo utembee. Basi Jumamosi nikaenda na klabu. Maneno hayakukatika hata mara moja! Nimeimbisha kutoka stesheni mpaka uwanja wa ndege, na kurudi. Nimelala mguu kama gunia lako hilo.

— Na daktari anasemaje?

— Nimempigia. Ukivimba tena ananifungia mpaka mwakani. Bonanza nitalisikia kwa watu.

Tukanywa kahawa. Jambo lilikuwa zito, na jambo zito sisi hatuliachi likae peke yake.

— Shida yako ni supu, akasema Mama Mchele. Makongoro asubuhi, makongoro jioni. Mfupa unasikilizana na mfupa mwenzie. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Mama, guu lake limeshavunjika, nikamwambia. Kwa hiyo halazimiki kusikia tena. Methali imeshamaliza kazi.

— Ni kweli, akasema Yunus.

Bunge alikuwa anazungusha rimu, anaisikiliza. Akaisimamisha kwa kidole.

— Nyie mnatibu mguu mbovu. Mguu mbovu hauna kosa. Mkosaji ni huu mzima. Tairi la nyuma likijaa upepo, la mbele likawa nusu, baiskeli inafanyaje?

— Inayumba.

— Inayumba. Sasa huu mzima umebeba mwili peke yake muda wote ule, umenenepa, una kiburi. Inabidi upunguzwe upepo.

— Upunguzweje, mzee Ladi? Honi akauliza, huku anauficha mguu mzima chini ya benchi.

— Uvalishe gambuti. Gambuti lijazwe mchanga. Mbovu uvae raba. Kimbia hivyo mpaka watoke droo.

— Eeh, bandu bandu huisha gogo, Mama Mchele akaunga mkono.

— Mama, gogo lenyewe si ndo mguu wangu? Mimi sitaki uishe.

Yunus akajaza vikombe, akabaki amesimama na birika.

— Kwetu ziwani mambo ya gambuti hatuna. Mtu akiumia anaingia majini mpaka kifuani, anakimbilia mlemle. Maji yanambeba.

— Hiyo ina akili, akasema Honi.

Hapo Yunus angeishia, angelala na heshima yake.

— Ila ziwa liko mbali. Mto Katuma ndo uko karibu, na una viboko. Hebu niambieni, nani alishaona kiboko anachechemea?

Tukafikiri. Hakuna aliyewahi kuona.

— Mnaona? Mnyama mzito vile, miguu mifupi kama matofali ya benchi hili, lakini haumii. Kwa nini? Anakimbilia kwenye matope, chini ya maji. Kwa hiyo Honi ashuke pale taratibu, awe nyuma yake, anamuiga.

— Akigeuka? akauliza Honi.

— Akigeuka umepona hapohapo. Utatoka na miguu yote miwili.

Bunge akauliza kama hoja ipite. Mama Mchele akapinga. Ikaachwa kama pendekezo.

Ikabaki zamu ya mtu anayejua mbio.

— Wazee wangu, nawaheshimu, lakini hamna mnachojua, nikaanza. Mguu una kumbukumbu. Ulivunjika ukiwa unakwenda mbele, ndo maana ukienda mbele unaogopa, unavimba. Dawa yake Honi akimbie kinyumenyume. Mguu utadhani anarudi nyumbani, utatulia. Mimi hapa kinyumenyume bado nawaacha vijana wote wa Kasansa. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

— Kwani simba anaenda kinyumenyume? akauliza Yunus.

— Akishashiba.

Sasa, mwisho wa benchi alikuwa amekaa dada mmoja, mgeni, ana kuku kwenye kapu, anasubiri pikipiki ya kwenda Mwese. Alikuwa amenunua kahawa yake moja na kuinywa kimya, tabia ambayo pale kwetu haijazoeleka. Akaweka kikombe chini.

— Samahani. Mama, shikamoo. Kaka zangu, naitwa Emelyne. Nina swali tu. Huyo daktari, alijua kwamba kaka ni mwimbaji?

Bunge akaweka spana chini. Kuku akasema kitu.

— Hakuniuliza, akajibu Honi mwishowe. Na mimi sikumwambia.

— Maana mimi naimba kwaya kwetu Mwese. Tunapanda kilima cha kanisa tunaimba, na mizigo kichwani. Mtu ukitupima kwa maneno tutakufa tunaongea.

— Sasa afanyeje, binti yangu? Mama Mchele akauliza.

— Apime kwa pumzi ya mtu mwingine. Akimbie na mtu ambaye maneno yake yanakatika mapema. Ya huyo yakikatika, na yeye atembee. Yakirudi, akimbie. Sasa nani kati yenu anakimbia naye?

Mama Mchele akaanza kupima mchele ambao hakuna aliyeagiza. Yunus akatikisa birika, akatangaza kahawa imeisha. Bunge akaingiza kichwa kwenye rimu, akatuangalia kupitia spoku.

— Si Jeti yupo? akasema kutokea humo.

— Jeti hafai, akasema Honi. Ana mbio sana. Anasema mwenyewe.

— Sifai kabisa, nikakubali.

— Tujaribu tu, akasema Emelyne.

Basi nikainuka. Honi akaanza polepole, kama mtu anayekwenda kuomba chumvi kwa jirani. Nikamwonya asijaribu kunifuata nikichanganya, nisije nikaulizwa. Tukapita wauza dagaa, nikawasalimia wote. Tukapita mama wa mihogo, nikamsalimia kwa mkono. Tukafika kwenye lundo la mataruma ya zamani ya reli.

— Jeti, unauonaje mwendo?

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa jibu zuri sana, lenye utani ndani yake. Likapanda mpaka kooni, likakuta foleni.

— Jeti?

Nikanyoosha kidole juu.

— Tutembee, akasema Honi.

Tukatembea. Pumzi iliporudi nikamweleza kwamba tatizo ni kandambili, na upepo wa siku ile, na kahawa ya Yunus ambayo siku hizi anaichoma mno. Nilipofika kwenye kahawa Honi akaona maneno yananyooka, akaanza kukimbia tena. Tukaenda hivyo mpaka nguzo ya mwisho na kurudi. Nikiongea anakimbia, nikinyamaza anatembea. Kesho yake mguu wake ulikuwa na unene uleule wa jana. Yangu yote miwili ilivimba, lakini hakuna aliyeitisha kikao.

Tangu hapo kila jioni ananipitia. Alimsimulia daktari kwenye simu, daktari akacheka, akamwambia aendelee na huyohuyo, na kwamba bonanza ataruhusiwa kwa sharti moja: asitoke ubavuni kwangu. Kwa hiyo mwaka huu Amka Twende itaimbishwa kutoka nyuma. Kwamba Honi ataongoza mkiani kwa sababu yangu, hilo naona ni cheo.

Juzi tunarudi kutoka relini tukakuta kijiwe kimejaa. Emelyne naye yupo, kashuka kutoka Mwese na kuku mwingine.

— Hoja moja ya dharura, akasema Bunge. Jeti asifanye mazoezi mengine yoyote. Kipimo kikipata pumzi, Honi ataumia.

— Na supu asipewe, akaongeza Mama Mchele.

— Imepita. Halafu Jeti, hebu tuambie mbele ya mgeni. Ni kweli mji huu hauna wa kukushika?

Yunus akashikilia birika hewani. Honi, ambaye hata jasho hana, akaniangalia mdomoni.

Nikanyoosha kidole.