Zamu ya Wamae

Mwaka huo wa sabini na saba hospitali ilikuwa imeanza maneno ya kadi. Unapewa tarehe ya kulazwa miezi mbele, unarudi nyumbani kungoja. Sisi wa benchi ya kahawa ya Shariff, hapa Gatitu, hatukuipenda hata kidogo. Na leo ilikuwa siku ya Wamae kwenda kupasuliwa ngiri, aripoti saa nane. Alikaa katikati yetu na kikapu ya nguo, anasimama, anakaa, mpaka nikataka kumfunga kamba. Gatimu, tunayemwita Daktari kwa sababu aliwahi kuogesha ng'ombe kwenye josho, ndiye alianza.

— Ugonjwa haupewi tarehe. Ukiupa, unakuja na ndugu zake.

— Ai! Mimi niko nao tayari, Wamae akasema.

— Utalala siku ngapi?

— Nane.

Kihara, ambaye ni Bunge maana hanyamazi, akaruka:

— Nane! Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watakulimisha shamba yote ya hospitali, na nyuzi ziko tumboni!

— Jembe ni afadhali, Daktari akasema. Hizo tarehe ni za kupanga watu kwa kilo. Wembamba Jumatatu, wanene Alhamisi.

— Leo ni Alhamisi, Wamae akasema, akajishika tumbo.

Nikashindwa kuvumilia.

— Nyinyi mnamuua na mdomo! Mtu hajalala wiki nzima kwa maumivu. Si alichagua siku mwenyewe?

— Sikuchagua, Wamae akasema. Nilipewa Novemba, kahawa ikiwa imeiva. Nani atachuma? Nikabadilishana kadi na Ndungu wa Tetu. Yeye akachukua Novemba yangu, mimi nikachukua leo yake.

— Vizuri sana! Bunge akasema. Kama pale kiwandani tukipeleka kahawa. Zamu ni zamu, hata mimi hupeana yangu kila msimu.

Tukakubaliana wote, mara ya kwanza siku hiyo. Hata Shariff alitingisha kichwa akamimina kahawa nyingine.

Ndipo Wangechi, bibi ya Wamae, akafika na blanketi kumsindikiza. Akachukua kadi aiweke kwa kikapu, akaisoma mara mbili.

— Baba Watiri, akamwambia mumewe, hapa wameandika Ndungu.

— Ndiyo. Tulibadilishana zamu.

— Sawa. Na Ndungu alikuwa anaenda kupasuliwa nini?

Daktari akaangalia Bunge. Bunge, Mungu wangu, akanyamaza. Wamae akaachilia tumbo, akashika goti, akashika jicho. Saa ya Shariff ilionyesha saa saba na nusu.